Chumvi ya Kibarua

Chumvi ya kibarua hupimwa baada ya mvua.

Mmenisikia nikilisema neno hilo mlipokuwa mnavua viatu hapo mlangoni, na nyote wanne mkacheka, mkadhani bibi yenu akili imeanza kuhama. Mmenieleza kwamba mkandarasi amewaambia msubiri uhakiki uishe ndipo mlipwe matofali mliyoyabeba tangu mwezi juzi, nami nikawajibu habari za chumvi. Sasa mnauliza methali hii imetoka wapi. Kaeni basi, na wewe Shaweji weka hiyo simu chini, haikulipi chochote. Methali hii haikushuka na kitabu. Ilianzia Mtepweni, na mtu wa kwanza kuitamka alikuwa wifi yangu Somoe. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake.

Mtepweni ni huko kusini, mahali pa tope na mikoko, ambapo maji ya bahari yaliingizwa kwa mfereji mpaka kwenye majaruba. Jaruba la chumvi mtu wa mbali angelidhani la mpunga, ila haliotishi kitu. Maji hukaa humo yakipigwa na jua, yanapungua, yanakuwa mazito, na siku ya nane au ya tisa chini panaganda weupe. Hapo ndipo kibarua anaingia na reki. Anaukwangua ule weupe, anauvuta pembeni, anaupandisha juu ya tuta uchuruzike maji. Hilo ndilo rundo lako. Kila mtu alikuwa na jaruba lake na rundo lake, na hakuna aliyegusa la mwenzake hata kwa utani.

Kazi ile ilikula miguu. Ukiwa na mkwaruzo mdogo tu unyayoni, chumvi inauingia na kuupanua mpaka unakuwa kidonda kisichofunga. Tulipaka mafuta ya nazi na kufunga matambara, tukaingia hivyo hivyo. Wanaume wengi walikwenda kwenye korosho, kwa hiyo majaruba yalikuwa ya wanawake.

Mwenye mali alikuwa Bwana Mshangama. Msije mkamfikiria mtu wa kukunja uso na kupiga watu makofi. Alikuwa mcheshi, mtu wa watu. Kukiwa na msiba alifika wa kwanza na kulibeba jeneza begani. Mikeka ya msikitini alinunua yeye. Alikuwa akikukuta njiani anakuuliza hali ya mama, hali ya mtoto, na majina anayajua. Mtu anayekuibia huku anakuuliza hali ya mtoto, unachelewa kugundua kwamba umeibiwa. Sisi tulichelewa miaka sita.

Alilipa kwa gunia. Kila jioni tulibeba chumvi ya siku hiyo mpaka ghalani, na karani wake, Chande, alisimamia ujazaji. Gunia lilijazwa mpaka mdomoni. Kisha likashindiliwa, likaongezwa, likashindiliwa tena, mpaka juu yake ikasimama nundu, na nundu ile ikazungushiwa kamba za katani isianguke. Nyinyi mnaiita lumbesa. Sisi tuliita kilemba. Gunia likishavishwa kilemba limemeza gunia na nusu, na Chande anaandika moja. Ukisema neno, anakuambia kwa upole kwamba hicho ndicho kipimo cha Mtepweni, asiyekitaka soko liko wazi, akauze nguvu zake kwingine. Kwingine wapi? Majaruba yote ya pwani ile yalikuwa na kilemba.

Somoe alikuwa mke wa kaka yangu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye ulimi, asiyejua kunong'ona. Tulitaniana sana, maana wifi ni wifi. Aliniambia mimi mvivu niliyezaliwa nimechoka, nami nilimwambia kaka yangu alimuoa kwa kuwa alikuwa haoni vizuri. Kaka yangu alikufa kwa homa ya siku tano. Nyumbani kwetu hapakuwa na kitu, hata sanda. Somoe hakusubiri mtu amwambie. Alikwenda kwa Mzee Mkwinda, mwenye duka, akaweka rehani minazi yake saba aliyorithi kwa baba yake, akamzika mume wake kama watu wanavyozikwa, akafanya na hitma ya watu kushiba. Makubaliano yalikuwa mbele ya mashahidi: akiirudisha fedha kabla mwaka wa marehemu haujatimia, minazi ni yake. Ukitimia bado hajalipa, imekwenda.

Nataka mlielewe hilo. Alimzika kaka yangu kwa minazi ya baba yake. Mimi nilikula ubwabwa wa hitma ile, na kila nilipoipita minazi ile nilihisi haya.

Basi Somoe akaanza kufanya kazi ya watu wawili. Lakini ukibeba gunia na nusu ukaandikiwa moja, hata ukifanya kazi ya watu wawili unalipwa ya mtu mmoja na kidogo. Miezi saba ikapita akaona hafiki. Jumamosi moja, baada ya malipo, akasimama mbele ya ghala akasema kwa sauti yake ile, "Jamani, hivi sisi tunaogopa nini? Serikali si ipo? Huko mjini mchuuzi akipunja sukari anakamatwa. Chumvi yetu haina mwenyewe?"

Tukaenda kwa Maalim Saburi, aliyekuwa akiandika barua za kijiji kizima. Tukakaa wanawake kumi na mmoja ukumbini kwake. Somoe akasema, Maalim akaandika. Aliandika habari za kilemba, habari za Chande, habari za miguu yetu. Mwisho akauliza, "Kuna la kuongeza?"

Mimi ndiye niliyeongeza. Sitawaficha, nimeshazeeka, nimfiche nani? Nilisema, "Andika asipime hata kibaba kama mtu wa serikali hayupo. Wala asiiweke chumvi yetu ghalani mwake kabla haijapimwa, maana ikishaingia humo hatuioni tena." Wanawake wakapiga vigelegele. Somoe akanipiga begani, akasema, "Kumbe wifi yangu ana akili, alikuwa anaificha tu!" Nilifurahi kama mtoto aliyesifiwa mbele ya wageni.

Serikali ilijibu. Watu husema serikali haisikii, lakini ile ilisikia, tena neno kwa neno. Baada ya miezi mitatu likaja gari, likabandika tangazo kwenye mlango wa ghala, na Maalim akatusomea. Chumvi ya vibarua itapimwa kwa mzani wa serikali, mbele ya mpimaji wa serikali, naye atafika kila Alhamisi ya pili. Ni marufuku mwajiri kuipokea, kuihifadhi au kuipima chumvi hiyo kabla mpimaji hajafika. Atakayekiuka atatozwa faini au kufungwa. Maneno yangu yalikuwa pale, yamepigwa muhuri.

Siku hiyo tulicheza mpaka vumbi likatufunika. Hata Bwana Mshangama alitoka akatutazama akitabasamu. Akasema mbele ya watu, "Mimi ni mtu wa serikali. Ikisema tupime hivi, tutapima hivi." Tukaona ameshindwa na anajikaza.

Mpimaji aliitwa Bwana Mrutu, kijana wa milimani huko kaskazini, amekuja na pikipiki na mzani ndani ya sanduku. Alikuwa mwaminifu, namshuhudia. Kabla ya kupima chumvi aliupima mzani wenyewe kwa mawe yake ya chuma. Bwana Mshangama alimletea kuku, akakataa. Akamletea madafu, akakataa pia, akanywa maji ya kwenye chupa yake. Alipima rundo la kila mtu, akaandika, akasubiri mpaka mtu alipwe mkononi. Somoe alipata mara moja na nusu ya alivyozoea. Alizikunja zile noti, akaziweka kifuani. Mara ya pili pia ikaenda hivyo hivyo. Akaja kwangu jioni akaniambia, "Wifi, bado kipimo kimoja tu. Kimoja, na minazi ya baba yangu inarudi."

Mwaka wa marehemu ulikuwa unatimia Jumatatu moja, mwezi wa kumi mwishoni. Alhamisi ya kupima ilikuwa siku kumi na moja kabla yake. Nafasi ilikuwepo.

Sasa angalieni jinsi kazi ilivyokuwa imebadilika. Zamani chumvi yetu ilikuwa ikiingia ghalani kila jioni. Imeibiwa, ndiyo, lakini imeingia. Sasa sheria imekataza isiingie. Kwa hiyo marundo yalikaa juu ya matuta, wiki mbili nzima, yakiongezeka kila siku. Jua lilikuwa kali mwaka ule na marundo yalikua mpaka ukisimama upande huu humwoni aliye upande wa pili. Tulijivunia. Tulipita tukilinganisha, la nani kubwa. La Somoe lilikuwa kubwa kuliko yote.

Alhamisi ile Bwana Mrutu hakuja. Ijumaa tukapata habari kwamba msimu wa korosho umefunguliwa na wapimaji wote wa wilaya wamepelekwa huko, maana korosho ndiyo fedha ya nchi. Atakuja, tukaambiwa, asikose mtu kumngoja. Somoe akahesabu siku kwa vidole. Akasema, "Akija hata Jumamosi, nawahi." Jumamosi ikapita. Jumapili, Jumatatu. Mchana wa Jumatatu upepo ukageuka, na upande wa bara mawingu yakasimama. Kwetu mwezi wa kumi mvua si kawaida, lakini si ajabu pia. Hutokea ikaja ya siku moja, mbili, ikaondoka, na jua likarudi palepale.

Jumanne asubuhi tukaenda kwa Bwana Mshangama, sote kumi na mmoja. Tulimkuta barazani kwake na kikombe cha kahawa.

"Shikamoo, Bwana Mshangama," tukasema.

"Marahaba, mama zangu. Karibuni. Mbona mmekuja mmenyamaza hivyo? Salama huko?"

Somoe akasema, "Bwana, mvua inakuja."

"Naiona. Mungu atuletee ya kheri."

"Tunaomba marundo yaingie ghalani. Hatutaki yapimwe, yaingie tu yasinyeshewe. Mpimaji akija tutayatoa."

Bwana Mshangama hakucheka. Ingekuwa nafuu angecheka. Alikiweka kikombe chini, akamwita Chande alete nakala ya tangazo, akavaa miwani yake akasoma taratibu, kidole kikifuata mstari. "Ni marufuku mwajiri kuipokea, kuihifadhi au kuipima. Mama Somoe, hili neno kuihifadhi maana yake ndiyo hiyo unayoniomba."

"Mtu wa serikali akiona mvua ataelewa."

"Labda ataelewa, labda hataelewa. Akikuta chumvi ya vibarua ghalani mwangu, nani atakwenda jela, wewe au mimi?"

Bi Mwajuma, aliyekuwa mkubwa wetu, akaomba basi makuti ya kufunikia. "Chukueni," akasema papo hapo. "Yapo makuti mia mbili nyuma ya ghala, chukueni yote. Makuti sheria haijayakataza."

Tulikuwa tumeshaanza kuondoka. Somoe akabaki amesimama. Aliinamisha kichwa, na nilijua anatafuta namna ya kulimeza jambo. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Bwana, tupimie wewe."

"Niwapimie vipi?"

"Kwa gunia lako. Kama zamani."

"Lenye kilemba?"

"Lenye kilemba. Ukitaka livishe viwili. Sisi wenyewe tumekubali, hawa wote mashahidi. Unilipe utakachoona."

Bwana Mshangama akaivua miwani yake. "Somoe, si wewe uliyepeleka barua kwamba gunia langu ni la wizi?"

"Ni mimi."

"Na sasa unaniomba nikuibie?"

"Nakuomba," Somoe akasema. "Niibie. Ukiniibia nitabaki na kitu."

Halafu yule mzee akatikisa kichwa, tena kwa huzuni, na mimi mpaka leo siamini kwamba huzuni ile ilikuwa ya uongo. "Siwezi, mwanangu. Mlinishtaki, mkashinda. Mimi sasa ni mtu wa sheria."

Tukaenda kuyabeba makuti. Mimi nilikuwa nyuma, na maneno ya tangazo yalikuwa yakinizunguka kichwani, kuihifadhi, kuipima, kuihifadhi. Nilitaka ardhi inimeze. Si Bwana Mshangama aliyeyatunga, wala si serikali. Ni mimi, ukumbini kwa Maalim Saburi, nikipigiwa vigelegele.

Mvua ilianza alasiri ileile. Tulikuwa tumeshayafunika marundo kwa makuti, tukayakandamiza kwa mawe na magogo ya mikoko, na kwa saa ya kwanza tulidhani tumeiweza. Juu palikuwa pakavu kabisa. Lakini maji hayakuja kutoka juu peke yake. Majaruba yakajaa, maji yakakosa pa kwenda, yakaanza kuyala marundo kutoka chini, kwenye miguu. Rundo linasimama zima, unaliona, kisha ghafla linakaa chini. Somoe alijaribu kuyachimbia maji mfereji yatoke, akauchimba kwa mikono. Akavua kanga ya juu akaifunga kwenye mguu wa rundo, mtu anavyofunga kidonda. Nilimsaidia mpaka nguvu zikaniisha, kisha nikakaa kwenye tope nikalia. Yeye hakulia.

Jumatano ikanyesha tena mpaka mchana. Ilipokatika, tulikuta makuti yamelala juu ya matuta, na chini yake kijinundu cha hapa na pale. Rundo la Somoe lilikuwa limebaki kiasi cha beseni mbili.

Alishuka ndani ya jaruba, maji yakamfika magotini. Akachota kidogo kwa kiganja, akaonja. Akaniita. "Tatu, njoo uonje."

Nikaonja. Yalikuwa makali ya kuchoma ulimi. Matuta yale yalijengwa yakiinamia ndani, ili maji ya chumvi inayochuruzika yarudi jarubani yasipotee. Kazi yetu ya wiki zile zote ilikuwa imerudi chini, imekaa humo. Hapakupotea kitu. Bwana Mshangama hakupoteza hata punje moja, na ghala lake lilikuwa limejaa ya zamani. Yeye angengoja jua tu. Wa kuikwangua tena angekuwa nani?

Alhamisi jua likarudi, kali kuliko mwanzo. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Jumatatu, siku ya kutimia mwaka wa kaka yangu, tukasoma hitma ya kahawa na tende, watu wachache. Baada ya dua Mzee Mkwinda akaja na mashahidi walewale. Hakuja kwa ubaya, alianza kwa kumwombea marehemu. Somoe akamwomba mwezi mmoja. Mzee akasema, "Mama, ningekuwa ndiye niliyekuajiri ningeona haya kukukatalia. Lakini mimi sikukuajiri, nilikupa fedha ukamzika mumeo. Ahadi ilikuwa leo." Alisema kweli. Mashahidi wakaitikia kwamba ndivyo ilivyokuwa, na minazi saba ya baba yake Somoe ikaondoka mkononi mwake kabla kahawa haijapoa.

Alhamisi iliyofuata, siku ya nane baada ya mvua kukatika, Bwana Mrutu akafika. Alikuwa akiisukuma pikipiki, suruali imejaa tope mpaka mapajani, kwa sababu kidaraja cha njiani kilikuwa kimechukuliwa na maji na ilimbidi avuke kwa miguu, sanduku la mzani kichwani. Midomo ilikuwa imempasuka. Aliomba radhi kabla hata ya kukaa. Alisema aliomba mafuta wilayani akaambiwa korosho kwanza, akaomba tena, na leo amekuja kwa mafuta ya kununua mwenyewe. Nilimwamini, na kumwamini hakukunisaidia kitu. Ukikosa hata mtu wa kumchukia, hasira unaipeleka wapi?

Akaufungua mzani. Akaupima kwanza kwa mawe yake. Ulikuwa sahihi, haukukosea hata kidogo. Akaita majina. Kila mtu akaleta kilichobaki chake, huyu ndoo, huyu beseni, Bi Mwajuma alileta ndani ya kanga. Ilipofika zamu ya Somoe, Bwana Mrutu akaweka, akasoma, akatazama daftari lake la mara iliyopita, akamtazama yeye.

"Mara hii umefanya kazi kidogo, mama."

"Chumvi yangu ile pale," Somoe akasema, akanyoosha mkono kwenye jaruba lake. Maji yalikuwa yameshapungua, na chini palikuwa panaanza kung'aa. Yule kijana akatazama.

"Ile bado haijakwanguliwa, mama. Sina ruhusa ya kupima kisichokwanguliwa."

"Niliikwangua mwezi uliopita."

Bwana Mrutu akayageuza macho kwenye makuti yaliyolala juu ya matuta, kisha kwa Bwana Mshangama aliyekuwa amekaa kivulini mwa ghala, mikono juu ya fimbo, ametulia, hana kosa. Akaipekua ile karatasi ya sheria mbele nyuma. Hakukuwa na mahali panapotaja mvua. Hatukuwa tumeiandika mvua kwenye barua yetu, nani angeikumbuka katikati ya jua lile? Akapiga hesabu ya beseni mbili, Chande akalipa palepale, senti kwa senti. Kisha akamsogezea Somoe kidau cha wino ili aweke dole gumba mahali palipoandikwa kwamba amepokea haki yake yote.

Somoe akaweka dole.

"Na hapa chini," Bwana Mrutu akasema, bila kumtazama usoni, "natakiwa kuuliza. Una malalamiko yoyote juu ya kipimo?"

Tulimngoja yule Somoe asiyejua kunong'ona. Alikuwa akilifuta dole lake kwenye kanga, polepole, upande huu na upande huu.

"Kipimo ni cha haki," akasema. "Chumvi ya kibarua hupimwa baada ya mvua."

"Hilo ni lalamiko, mama? Niliandike?"

"Hapana, bwana. Ni habari tu."

Kijana akainama akaandika. Nilikuwa nyuma ya Somoe na kusoma kidogo najua. Aliandika, Hakuna malalamiko.

Somoe alichukua reki yake pale alipoiegemeza, akashuka jarubani, akaanza kuikwangua chumvi yake mara ya pili. Sisi wengine tukamfuata, kila mtu kwenye lake, maana jua lilikuwa zuri na kazi ilikuwa imeiva. Mwaka uliofuata wenye majaruba wa pwani nzima walilipokea tangazo lile kwa mikono miwili, na magunia ya vilemba yakawa ya kuku kutagia. Hakuna aliyeyahitaji tena.

Haya, nimewaambia. Nendeni ofisi ya kazi mkashtaki, siwakatazi, mimi ni nani wa kuwakataza? Watawasikiliza, wataandika, watakuja na uhakiki wao, na uhakiki utakuwa wa haki. Mkifika siku hiyo mkakuta mkandarasi hayupo na jengo limeshahamiwa na watu, msinirudie hapa kuniuliza maana yake tena. Chumvi ya kibarua hupimwa baada ya mvua.